Matundu Matatu na Mlango Mmoja

Kakuma,
Jumanne alasiri, Septemba 2013

Asinyen mwanangu,

Salamu sikuwekei hapa, maana asubuhi tumeonana ukifagia mbele ya nyumba na jioni tutakula pamoja. Naandika nikiwa kazini, kwenye kile kibanda cha bati ambacho wewe hukiita kaburi la pampu. Nyumbani hakuna pa kuandikia. Mama yako amejaza wanawake wa kanisa wanaokuombea safari, na kila nikipita mmoja wao ananishika mkono na kuniambia nina bahati ya kuzaa binti kama wewe. Nimeshikwa mkono mara nne leo. Nilipoona wa tano anainuka nikavaa viatu nikaja huku.

Kesho unaondoka na mama yako kwenda Nairobi, na wakishakupima na mambo yakienda yalivyopangwa, wiki mbili zijazo watatoa figo yako moja wampe mdogo wako Ewoi. Mambo ya safari yote mama yako ameshakuambia, na mengine amekuambia mara tatu, kwa hiyo usitafute hapa habari za sweta wala za chakula cha njiani. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikwepa mwaka mmoja na nusu. Nitalizunguka kidogo kabla ya kulisema. Nivumilie. Unajua hata pampu siifungui kabla ya kuizunguka mara mbili.

Nianze na nyanya yako, mama yangu, ambaye hukumwona. Alikuwa na ule ugonjwa wetu wa huku, ule uvimbe wa maji unaokua tumboni kimyakimya, tunaoambukizwa na mbwa tunaolala nao na kula nao. Tumbo lake lilikua hadi watu wakawa wanamwuliza atajifungua lini. Wakampeleka kwa wamisionari, wakampasua kuanzia chini ya kifua hadi chini ya kitovu, akakaa huko kipindi kizima cha kiangazi. Baada ya miaka michache uvimbe ukarudi, wakampasua palepale. Mshono wa pili haukushika vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kitambaa tumboni kila asubuhi, kwa sababu akiinama bila kitambaa utumbo ulikuwa unasukuma ngozi upande mmoja, unaona kabisa ukisogea. Hakubeba maji tena. Mwanamke wa Turkana asiyebeba maji anakuwa mgeni kwenye boma lake mwenyewe, na yeye alijua, na sisi watoto tulijua kwamba anajua. Alikufa nikiwa sijamaliza shule.

Nakuambia haya ili uelewe nilikoitoa hofu yangu, si ili unisamehe haraka. Watu wa Lodwar mpaka Lokichoggio wananiita jasiri. Nimeshushwa kwenye visima kwa kamba, nimelala porini karibu na Kainuk risasi zikilia ng'ambo ya mto, na asubuhi nikaamka nikaendelea na kazi. Yote hayo niliyaweza. Kisu cha daktari ndicho sijawahi kukiweza, na nimekuwa nikihakikisha hakuna anayejua.

Ewoi alianza kuvimba uso mwishoni mwa mwaka juzi, akiwa shuleni. Tukasema ni usingizi, tukasema ni chakula cha bweni, mpaka tukaambiwa figo zote mbili zimekufa. Ndipo akahamia Nairobi kwa binamu ya mama yako, awe karibu na mashine inayomsafisha damu mara mbili kwa wiki. Mwaka jana mwezi wa tatu, mama yako na mimi tukaenda kupimwa. Damu ya mama yako haikupatana na yake. Hilo unalijua.

Yangu ilipatana. Hili hulijui. Vipimo vyote nilipita, damu, mkojo, moyo, na presha yangu ilikuwa nzuri hata wakanisifu.

Siku ya mwisho ya vipimo kuna jambo ambalo hakuna aliyekuwa ametuambia. Wanakuita peke yako kwenye chumba kidogo, bila mume, bila mke, bila ndugu. Mama yako alitaka kuingia nami akazuiwa kwa adabu. Ndani alikuwepo daktari mmoja wa kike, si wa kupasua, ni wa kuzungumza na watu. Hakuwa hata na kalamu mkononi. Aliniuliza kama kuna mtu amenilazimisha. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama kuna mtu atakayenichukia nikikataa. Nikacheka, akangoja nimalize kucheka. Kisha akaniambia maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema.

“Mzee, ukiniambia hapana, hiyo hapana inabaki hapa. Familia yako tutawaambia tu kwamba hufai kutoa. Sababu hatusemi, hata wakiuliza.”

Nikamwomba anionyeshe wanakata wapi. Akasita, akageuka upande, akaweka kidole mgongoni mwake, akakivuta polepole chini ya mbavu mpaka mbele karibu na kitovu. Akasema mara nyingine huondoa na kipande cha ubavu ili wapate njia. Akasema maumivu ni ya wiki kadhaa na kazi nzito ningeisahau kwa miezi. Alikuwa mkweli, hakunificha kitu. Mimi nilikuwa natazama kile kidole. Nilimwona mama yangu ameshika kitambaa ananingoja nimfunge. Nikasema sitaki.

Iliisha upesi hivyo. Kufungua bolti yenye kutu kunachukua muda mrefu zaidi.

Mama yako na Ewoi walikuwa kwenye benchi nje. Wangeambiwa tu kwamba sifai, na hilo lingetosha, lakini mama yako aliniuliza kwa nini, naye alikuwa na haki ya kuuliza. Nikatafuta ugonjwa wa harakaharaka. Wa kwanza kunijia ulikuwa presha. Nikasema wameona presha yangu iko juu sana. Mama yako akanikumbatia palepale mbele ya watu, yeye ambaye hajanishika hadharani tangu siku tuliyofunga ndoa. Ewoi alikuwa anatazama viatu vyake.

Tangu siku ile mama yako hatii chumvi kwenye chakula changu. Sufuria yangu hupikwa peke yake. Wewe mwenyewe umenicheka mara nyingi, ukisema leo Baba amekula karatasi na maharage. Nimekula, mwanangu, mwaka mmoja na nusu, na kila tonge lilinikumbusha aliyenipikia kwa huruma na kile nilichomfanyia mwanawe. Siku moja nilichovya kidole kwenye mkebe wa chumvi nikidhani niko peke yangu. Mama yako aliniona, akaninyang'anya mkebe huku akilia, akaniuliza kama nataka kumwacha na watoto. Nilitamani ardhi inimeze.

Na wewe ulinitumia ujumbe kutoka shule unayofundisha kule kambi ya wakimbizi. Uliandika: Pole Baba, si makosa yako, Mungu anajua ungetoa. Simu ile imepasuka kioo, haipigi wala haipokei, lakini bado naichaji.

Sasa nije kwenye mambo yako.

Utakumbuka mwaka jana, baada ya mimi kutangazwa sifai, mama yako alikutaja wewe. Tukaenda Lodwar kwa baba yako mkubwa, kwa sababu kwetu kitu cha mtu mmoja kinajadiliwa na wote, iwe ngamia, iwe binti, na siku hiyo ikawa figo. Hukuwepo. Baba yako mkubwa alikataa kata kata. Alisema, “Msichana hawezi chanwa hivyo. Nani atatoa ngamia ya mahari kwa mtu ameshonwa kama gunia?” Wazee wakaitikia. Mama yako alilia njia nzima ya kurudi Kakuma. Mimi nilimshukuru kaka yangu kimoyomoyo kwa ule ubaya wake, maana kwa muda ulikukinga.

Kisha mwezi wa tano mwaka huu Ewoi akapiga simu. Hospitali yake imeanza njia mpya. Hawachani tena ubavu. Wanatoboa matundu madogo matatu tumboni, wanajaza hewa, wanaingiza kamera na vyuma vyembamba, wanafanya kazi wakitazama kwenye televisheni. Mtoaji anarudi nyumbani baada ya siku chache. Mama yako aliweka simu chini akaanza kuimba. Tukarudi Lodwar, safari hii na wewe, na baba yako mkubwa akasikiliza, akaomba aonyeshwe ukubwa wa tundu. Mama yako akamwonyesha ukucha wa kidole gumba. Akafikiri kidogo tu.

“Kama ni matundu tatu ya hivyo, hata bwana yake haiwezi ona,” akasema. “Hiyo si kitu. Aende.”

Akachinja mbuzi. Matumbo yakatandazwa ili wazee wasome njia yako. Mzee mmoja aliweka kidole kwenye doa jeusi upande wa kushoto, akaanza kusema jambo, na baba yako mkubwa akamkata kauli, akasema doa hilo ni la mbuzi mwenyewe, alikuwa anakula plastiki pale sokoni. Watu wakacheka. Njia ikasemwa ni nyeupe. Mimi nimebatizwa na sifuati usomaji wa matumbo, lakini nawajua hawa wazee, kwa kawaida huliangalia doa kama lile mpaka nyama inapoa. Siku ile walikuwa wanasoma kitu walichokwisha kukiamua. Nami nilikula.

Ulikuja na maji ya kunawa. Baba yako mkubwa akakuambia umesikia, utamsaidia mdogo wako, ni matundu tu. Ukasema sawa. Ukaendelea kumimina maji. Hakuna aliyekuuliza swali, mwanangu, na mimi nikiwa baba yako nilinyoosha mikono yangu nikanawa maji uliyonimiminia.

Usidhani nilikaa tu. Wiki ileile nilienda kliniki pale Lodwar bila kumwambia mtu. Nilifikiri, ikiwa ni matundu, hayo hata mimi nitayaweza. Nitarudi kwa yule daktari, nitasema nimebadili nia, nitasema presha imeshuka, na wewe utabaki na wanafunzi wako. Nesi akanifunga ule mkanda mkononi, akapima. Akahamia mkono wa pili, akapima tena. Akaniuliza kama nimekuja kwa miguu ama nimebebwa. Nikamwambia nataka kutoa figo. Akaanza kunicheka, halafu akaona sicheki.

“Mzee, wewe hata jino hatukutoi kwanza hii presha ishuke,” akasema.

Nimemeza dawa tangu siku ile kwa siri, vidonge viko kwenye droo hii ninayoandikia. Nimerudi mara tatu. Sasa na sukari imeonekana. Wameniambia waziwazi kwamba mtu kama mimi hakubaliwi, hata kwa tundu moja. Ule uongo niliousema kwenye benchi umekuwa kweli tupu, na sasa ndio unaonifungia njia ya kukuokoa. Mara nyingine napanda hapa juu ya pipa nikitazama barabara ya kwenda Kitale, naona iko wazi pande zote, na mimi sina pa kutokea.

Basi nikaanza kuuliza kwa watu. Yule Msomali ninayenunua kwake mikanda ya jenereta alitoa figo mwaka jana, alimpa kaka yake, ng'ambo, kwa njia hii ya kamera. Alinipandishia shati ndani ya duka. “Ona mzee,” akasema, “hizi tatu ni za kamera na mkasi. Hii ya chini ndio ilitokea.”

Nikamwuliza, ya chini gani? Kumbe kuna mkato wa nne ambao kwenye mikutano yetu yote hakuna aliyeutaja. Upo chini kabisa ya tumbo, mahali wanapokatwa akina mama wa kujifungua, upana wa kiganja. Nilipofikiri nikaona ni lazima uwepo. Kitu cha ukubwa wa ngumi hakiwezi kupita kwenye tundu la ukucha. Tumekaa miezi minne tunahesabu matundu matatu na hakuna aliyejiuliza figo yenyewe inatokea wapi.

Aliniambia hewa wanayojaza tumboni inauma mabegani siku mbili tatu, usije ukashtuka. Siku ya nne alikuwa anatembea. Wiki ya tatu alikuwa juu ya lori lake. Hajuti, na kaka yake anaendesha duka lingine sasa. Lakini alisema kitu kimoja akishusha shati. “Kidonda ilipona haraka kushinda mimi.” Alisema miezi mingi alikuwa akiamka anajipapasa upande ule, na akiwaambia watu, wanamtazama hayo makovu madogo wanamwambia mbona wewe hukufanywa kitu.

Njia hii mpya siichukii, na nataka uniamini. Mwezi wa saba nilikuwa Kaaleng kufunga pampu, nikamkuta mama mmoja mwenye ugonjwa uleule wa nyanya yako. Yeye hawakumpasua. Walimchoma sindano ndefu wakitazama kwenye mashine ya picha, wakanyonya yale maji, wakatia dawa, akarudi kwao na plasta. Alikuwa amebeba mtungi wa lita ishirini kichwani, anawagombeza wenzake kwenye foleni. Nilienda nyuma ya gari nikalia mpaka fundi mwenzangu akaja kuuliza kama nimeumwa na nge. Ningekuwa na uwezo ningewashukuru mmoja mmoja wote waliogundua mambo haya. Mama yangu angebeba maji. Na mimi pengine ningekuwa mtu mwingine.

Ila nimeona jambo na sijui kama madaktari wanaliona. Zamani mtu akiogopa kutoa figo, watu walimwelewa. Walitazama ule mkato wa kuzunguka ubavu wakasema ndiyo, hata mimi ningeogopa. Hofu ilikuwa na pa kuegemea. Sasa kidonda kimekuwa kidogo, na ruhusa ya kuogopa imepungua pamoja nacho. Nani atakubali ukisema unaogopa matundu ya ukucha, na mdogo wako amefungwa kwenye mashine? Kinachotoka ni kilekile, Asinyen. Wanachukua kitu kizima, hakirudi, na utaishi na kimoja siku zote, utabeba mimba na kimoja, utazeeka na kimoja. Madaktari wanasema inawezekana na watu wengi wanaishi vizuri. Nawaamini. Lakini kule Lodwar watu waliulizana kama kovu litaonekana na bwana, na hakuna aliyeuliza habari ya mimba zako.

Wiki iliyopita nilikuona ukianika nguo. Uliweka shati kwenye kamba, ukashika ubavu wa kushoto kwa kiganja, ukabonyeza, ukakaa hivyo. Kisha ukachukua shati lingine. Nilikuwa dirishani. Sijui ulikuwa unaogopa, ama unaiaga figo yako, ama ulichoka tu mgongo. Nilitaka kutoka nikuulize, nikaona sina uso wa kukuuliza.

Kwa hiyo nakuambia kuhusu kile chumba. Utaitwa peke yako. Mama yako atataka kuingia, na hataruhusiwa, na ni pahali pekee kati ya hapa na kitanda cha upasuaji ambapo hutakuwa na mama yako, wala kanisa, wala baba yako mkubwa, wala mimi. Ukisema hapana, watasema hufai, na hawatasema zaidi. Mlango huo mimi niliutumia. Usijiongezee ugonjwa kama nilivyofanya. Wakikuuliza huku nyumbani, sema wamesema sifai, kisha nyamaza, na mimi nitakaa karibu nawe na kuwajibu wote, baba yako mkubwa akiwa wa kwanza.

Na ukisema ndiyo, nitashukuru maisha yangu yote, sitajifanya vinginevyo. Namtaka mwanangu aishi. Kila asubuhi naomba useme ndiyo, na nikimaliza kuomba naona aibu kwa nilichoomba. Nataka tu iwe ndiyo ya mtu anayejua kwamba angeweza kutoka. Mimi sikukosea kwa kuogopa. Nimefikiri sana na hilo nina hakika nalo. Nilikosea kwa kuifunika hofu kwa uongo, mpaka kila mtu akaamini kwamba kwa upande wangu njia imefungwa na Mungu mwenyewe, na macho yote yakahamia kwako. Nimekuweka kwenye foleni niliyoitoroka, halafu nikakaa kimya huku ukisogea mbele.

Mwanzoni nilipanga kuiweka barua hii ndani ya begi lako, uikute njiani. Nikaona huo nao ni woga. Ungeifungua mkishapita Lodwar, pengine karibu na Kainuk, gari likiwa linasubiri askari wa kulisindikiza, na pale hakuna abiria anayeshuka na kurudi. Nitakupa mkononi leo kabla ya chakula. Nitakupa mbele ya mama yako, na wakati wewe unasoma nitakuwa namwambia yeye kwa mdomo wangu. Sijui kama nitakula nyumbani leo. Sijui kama nitalala nyumbani. Hayo ni yangu, usiyabebe wewe.

Imebaki sehemu ambayo nimeiogopa kuliko zote.

Leo saa sita mchana nilimpigia Ewoi. Niliona si haki ajue baada yako, maana ni yeye niliyemnyima figo. Alikuwa kwenye mashine, niliisikia ikilia nyuma ya sauti yake. Nikamweleza yote, kile chumba, yule daktari, uongo wa presha. Nikamwambia nitakuandikia barua kukueleza kuna mlango.

“Nilijua siku ileile, Baba,” akasema. “Ulitoka pale ukitembea kama mtu ameachiliwa.”

Mwaka mmoja na nusu amejua. Amenisalimia kila Jumapili kwenye simu, ameniuliza hali ya presha yangu, na alijua. Nilianza kulia, kisha akaniambia neno lingine, na sauti yake haikuwa ya kijana wa miaka ishirini.

“Asinyen usimwambie. Akijua kuna mlango atatoka. Mimi nimechoka, Baba.”

Usimchukie kwa hilo. Nakusihi kwa kila kitu, usimchukie, anataka kuishi tu, na ni mimi niliyemfundisha kwamba watu wanaompenda hutoka. Tangu augue hakuwa ameniomba kitu. Mwaka jana hakuniomba kwa mdomo, alikaa kwenye benchi akitazama viatu, na nilimnyima. Leo ameniomba kwa mdomo, jambo moja, ninyamaze. Nimefunga simu, nimechukua karatasi, na nimemnyima mara ya pili.

Baba yako